Mtoto Wako Anapoingia Uwanjani: Mwongozo Kamili wa Adabu ya Mtazamaji wa Bendi za Gwaride

Jumamosi moja ya Oktoba nilikaa jukwaani kwenye uwanja wa sekondari moja hapa jimbo la Indiana, Marekani, kanga imekunjwa mara nne chini yangu kwa sababu mabenchi ya aluminiamu hupitisha baridi mpaka kwenye mifupa. Uwanjani msichana wa bendera alirusha bunduki yake ya mbao juu. Ikazunguka vizuri, ikashuka, ikamponyoka na kudunda kwenye nyasi bandia. Mtu mzima aliyekaa safu mbili nyuma yangu akazomea, "Buuu!", akacheka na wenzake. Msichana aliinama, akaiokota, akaendelea na hatua zake bila kupoteza hesabu. Nilikuwa chini, karibu na uzio, nikaona kidevu chake kinatetemeka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, kumi na mitano hivi.

Tangu siku ile wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo na wachache kutoka Tanzania na Kenya, huniuliza mambo yaleyale kila vuli watoto wao wanapojiunga na bendi ya shule: tupige makofi lini? Tunaruhusiwa kupiga vigelegele? Mbona nimekatazwa kuingia mlangoni na tiketi ninayo? Na yule anayezomea tumfanye nini? Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Kwanza, ujue unakwenda kuona nini

Usichanganye shughuli tatu zinazofanana kwa mbali. Kila moja ina desturi zake, na mgeni hukosea zaidi anapobeba desturi za moja na kuzipeleka kwa nyingine.

Ya kwanza ni bendi ya sekondari. Msimu wake ni vuli. Ijumaa usiku bendi hupiga wakati wa mapumziko ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani, na hapo watu wanakula, wanapita, wanaongea, hakuna anayemlaumu mwenzake. Jumamosi bendi ileile huenda kwenye mashindano, na hapo mambo hubadilika kabisa. Watazamaji wamekuja kwa ajili ya bendi, si kwa ajili ya mpira. Wazazi wengi wapya hukaa Jumamosi kama walivyokaa Ijumaa, kisha wanashangaa kutazamwa vibaya.

Ya pili ni vikosi vya ngoma na tarumbeta vya majira ya joto. Havina uhusiano na shule. Vijana hufanyiwa usaili, wanalipa maelfu ya dola, wanasafiri kwa mabasi usiku kucha na kulala chini kwenye kumbi za michezo za shule, kisha wanafanya mazoezi juani mchana kutwa. Chama kinachovisimamia, Drum Corps International, kilianzishwa mwaka 1971, na fainali yake ya kwanza ilikuwa Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Siku hizi fainali ni Agosti, kwenye uwanja wa Lucas Oil hapa Indianapolis. Aliyetimiza miaka 22 kabla ya tarehe 1 Juni hawezi tena kushiriki kwenye madaraja ya vijana. Kwa hiyo kwenye kila kikosi kuna vijana wanaopiga kwa mara ya mwisho kwenye madaraja hayo, na siku ya fainali utawaona wanalia kabla hata ya kuanza.

Ya tatu ni bendi za vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, kama Marching 100 ya Florida A&M au Human Jukebox ya Southern University kule Baton Rouge. Huku mtazamaji anatakiwa kucheza, kuimba, kuitikia, kusimama. Mchezo ukiisha watu hawaondoki. Bendi mbili hubaki zikijibizana wimbo kwa wimbo, na kipindi hicho huitwa robo ya tano. Ukikaa kimya kama uko msibani, wenyeji watadhani bendi imekukera. Aliyekulia kwenye ngoma za mitaani atajisikia nyumbani mara moja.

Mwongozo huu unahusu zaidi mbili za kwanza, yaani mashindano ya vijana mbele ya majaji.

Kabla ya kutoka nyumbani

Soma masharti ya uwanja. Viwanja vingi vikubwa haviruhusu mkoba usioonekana ndani. Inatakiwa mifuko ya plastiki angavu. Chakula cha nyumbani na chupa ya chai mara nyingi hurudishwa getini, kwa hiyo kuleni kabla. Chukua kanga au blanketi la kukalia. Ukienda na mtoto mchanga mnunulie vifunika masikio, maana safu ya ngoma ikielekezwa jukwaani ni kali sana kwa masikio madogo.

Uliza kuhusu kupiga picha za video. Kwenye mashindano ya vikosi vya majira ya joto ni marufuku, na kwenye mashindano mengi ya shule pia, kwa sababu ya hakimiliki ya muziki na haki za kurusha matangazo. Hata panaporuhusiwa, kishikwambi ulichokiinua juu ya kichwa kinamzibia mama aliye nyuma yako aliyeendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kumwona mwanawe.

Mtafute mwanao kwenye ratiba, kisha angalia nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma yake. Panga kukaa kwa bendi hizo tatu angalau. Kuna tabia inayoniumiza: jukwaa zima linasimama na kuondoka mara tu bendi ya shule yao inapomaliza, na bendi ndogo inayofuata, labda ina watoto thelathini tu, inaingia uwanjani ikiona migongo ya watu. Hilo nalo ni namna ya kuzomea, hata kama halina sauti.

Mlangoni na kwenye kiti

Onyesho likishaanza, mhudumu wa mlango atakuzuia hadi liishe. Usibishane naye. Vikosi vya majira ya joto hucheza kama dakika kumi na moja au kumi na mbili, bendi nyingi za shule pungufu ya hapo. Simama pembeni, subiri makofi ya mwisho, ndipo uteremke kwa haraka. Ukiwa tayari umekaa, usiinuke katikati kwenda chooni au kibanda cha vyakula. Mtu mmoja anayekatiza mbele ya safu anawafunika watu ishirini, na wapigaji uwanjani wanamwona. Watoto hufundishwa kutazama juu, kuelekea safu za katikati za jukwaa, kwa hiyo wewe uko usoni mwao.

Kuhusu kiti, ukitaka kuona michoro wanayoiunda kwa miili yao, panda juu, karibu na mstari wa yadi 50, yaani katikati ya uwanja. Ukitaka kuona nyuso na jasho, kaa chini. Mimi hukaa chini mwanangu anapocheza na juu wengine wanapocheza.

Makofi, vigelegele na kimya

Hapa ndipo penye kazi. Fuata mpangilio wa onyesho lenyewe.

Bendi inapoingia na kujipanga, shangilia upendavyo. Ita jina la shule, piga miluzi. Mtangazaji atauliza kama bendi iko tayari, na dramu meja, yaani yule kijana atakayeongoza mapigo akiwa juu ya jukwaa dogo, atapiga saluti. Shangilia saluti. Halafu atageuka na kuinua mikono. Mikono ikishainuka, nyamaza. Sekunde zile mbili watoto mia moja na zaidi wanavuta pumzi ya pamoja, na jina la mwanao ukilipayukia hapo linaivunja pumzi hiyo. Mwenyewe hawezi kukujibu. Amefundishwa asigeuke, asitabasamu, asipepese. Ukimwita unampa aibu, si furaha.

Tofauti na ukumbi wa muziki wa Kizungu wa kale, hapa si lazima ungoje mwisho. Muziki unapopanda ukafika kileleni, tarumbeta zote zimeelekezwa kwako na sauti inakusukuma kifuani, piga kelele. Wanataka hivyo, onyesho limetungwa likitegemea hivyo. Mpiga solo akimaliza, mpigie. Safu ya ngoma ikimaliza kipande chake kigumu, wapigie. Bunduki sita zikirushwa pamoja na kudakwa kwa pigo moja, piga vigelegele.

Ndiyo, vigelegele vinaruhusiwa. Mama mmoja kutoka Bukavu alikuwa akijizuia msimu mzima akidhani ni ushamba. Fainali ya jimbo ilipofika akashindwa kujizuia. Wazazi wa Kimarekani waligeuka wakimtabasamia, na mwanawe alituambia baadaye kwamba aliitambua sauti ile kutoka upande wa pili wa uwanja. Cha kuangalia ni wakati tu. Vigelegele ni vya kilele na vya mwisho. Muziki ukishuka na kuwa laini, tarumbeta moja inaimba peke yake na marimba zinanong'ona, kaa kimya kabisa. Nyamazisha simu. Mtoto akilia mpeleke kwenye korido ya chini. (Marimba hizo, kwa njia, ni neno la Kibantu lililovuka bahari na kubaki jina lake duniani kote. Mwambie mwanao anayezipiga.)

Sasa, kosa ambalo hufanywa kwa nia njema: kupiga makofi ya kufuatisha mapigo. Tumezoea. Ngoma ikikolea mikono inakwenda yenyewe. Lakini fikiria hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 50 kutoka kwenye ngoma, pigo linakufikia baada ya karibu sekunde 0.15. Unapiga kofi, na kofi lako linarudi uwanjani baada ya sekunde 0.15 nyingine. Jumla ni sekunde 0.3. Kama mwendo wa wimbo ni mapigo 180 kwa dakika, pengo kati ya pigo na pigo ni sekunde 0.33. Kwa mpigaji, makofi ya jukwaa zima yanafika yamechelewa karibu pigo zima, tena kwa sauti kubwa kuliko ngoma iliyo mbali naye. Vijana hawa hutumia miezi kujifunza kufuata mikono ya dramu meja na kutoziamini sauti zinazotoka mbali, lakini watu elfu kumi wakipiga makofi pamoja, wadogo huyumba. Shangilia kwa kelele isiyo na mapigo. Kelele haiwapotezi.

Mwisho wa onyesho, simama kama umeguswa. Kama hukuguswa, kaa, piga makofi ya heshima. Hakuna anayekulazimisha kusimama kwa kila bendi, na kusimama kunapoteza maana kukiwa kwa kila mtu.

Kitu kikianguka

Bunduki ya mbao, upanga, fimbo ya ngoma, kofia, hata mtoto mwenyewe. Vyote huanguka. Kurudi nyuma kwa hatua kubwa huku umebeba tuba si jambo dogo.

Kikianguka, usiseme "oooh". Najua hutoka mdomoni bila kutaka, lakini watu mia tano wakiguna kwa pamoja sauti inafika uwanjani ikiwa nzito kama tofali. Usicheke. Usimpigie hata makofi ya huruma anapoinama kuokota. Hili baadhi ya wazazi hawakubaliani nami, lakini niliwauliza wasichana wa bendera wa bendi yetu, na walisema makofi ya huruma huwakumbusha kosa mbele ya watu wote. Wanachotaka ni kwamba uendelee kutazama onyesho zima kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha, akirusha tena na kudaka, mshangilie kwa nguvu zote. Atajua.

Mtoto akianguka na asiinuke, kuna wahudumu wa afya pembeni. Usikimbilie uwanjani, hata akiwa wako. Nenda kwenye geti la pembeni, jitambulishe kwa wahusika, watakuingiza.

Kuzomea

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo penye maumivu.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kusema kuzomea tumekuona Marekani. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilipoenea Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vilipogawana miji ya Tanganyika, mashindano yalikuwa ya mavazi, ya vyeo, ya karamu, na ya nyimbo za kutukanana wazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi walikwenda nazo mpaka bara. Vita hiyohiyo iliwarudisha Marekani wanajeshi ambao vyama vyao, American Legion na vingine, vilianza kuunda vikosi vya ngoma na tarumbeta, na baadaye kuwafundisha vijana wa mitaani mwao. Mizizi inafanana: bendi ya kijeshi, sare, gwaride, ushindani. Tofauti ni kwamba wale waliokuwa wakitukanana kwenye beni walikuwa watu wazima waliochagua kuingia vitani kwa maneno, na kila upande ulikuwa na malenga wa kujibu. Mtoto aliye uwanjani na melofoni mdomoni hana la kukujibu. Amesimama wima, macho mbele, kwa amri. Kumzomea ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Watu huzomea kwa sababu nne ninazozijua.

Ya kwanza ni hasira na matokeo. Ya pili ni upinzani wa shule na shule. Ya tatu ni kuchukia mabadiliko. Vikosi vya majira ya joto vilipoanza kutumia vipaza sauti mwaka 2004, kisha ala za umeme mwaka 2009, mashabiki wa zamani waliona urithi wao umeharibiwa. Wana haki ya kuona hivyo. Lakini kanuni ziliandikwa na watu wazima vikaoni, na mtoto wa miaka 17 aliyekaa kwenye kinanda cha umeme hakupiga kura.

Ya nne ni wivu wa mali, na hapa kuna kisa ambacho wapenzi wa vikosi bado wanakisimulia. Star of Indiana, kikosi cha Bloomington, kiliingia mashindanoni mwaka 1985 kikiwa na mfadhili tajiri, mfanyabiashara Bill Cook, na kikawa bingwa mwaka 1991. Wapo waliosema kimenunua ushindi, na wakakizomea. Mwaka 1993 kikaja na muziki wa watunzi Barber na Bartók, mgumu, mkavu, usiobembeleza masikio, na kelele za kukipinga zikazidi. Kwenye fainali ya mwaka huo kule Jackson, Mississippi, kilipata alama 97.3 kati ya 100. Kikosi kilichoshinda, Cadets of Bergen County, kilipata 97.4. Star haikurudi tena kwenye mashindano. Kwenye mizizi ya kikosi hicho likazaliwa baadaye onyesho la Blast!, lililofika Broadway, kwenye kumbi za maonyesho za New York, mwaka 2001, na leo onyesho lile la 1993 wapenzi wengi wanalihesabu miongoni mwa makubwa kabisa ya zama zake. Waliozomea walikuwa wanazomea kitu ambacho masikio yao yalikuwa hayajakifikia. Na waliosikia kuzomewa huko hawakuwa tajiri wala watunzi. Walikuwa vijana.

Kuzomea hakubadilishi chochote kwenye karatasi ya jaji. Kwenye mashindano ya Drum Corps International alama ni 100: 40 za athari ya jumla, 30 za muonekano, 30 za muziki. Hakuna safu ya kelele za jukwaani. Majaji wengi hurekodi maoni yao kwa sauti huku wakitazama, na rekodi hizo hupelekwa kwa walimu. Yaani kuzomea kwako kunaweza kubaki kwenye rekodi ambayo mwalimu anaisikiliza Jumatatu akitafuta namna ya kuwasaidia watoto.

Kama hujapenda onyesho, fanya hivi: piga makofi machache ya heshima na ukae. Kimya cha jukwaa ni hukumu tosha, na walimu wanakisoma vizuri kuliko unavyodhani. Kama jambo ni kubwa zaidi, mathalani mavazi yasiyofaa watoto au mada inayodhihaki watu wa asili fulani, andika barua kwa mkurugenzi wa bendi au waandaaji, useme ulichokiona na kwa nini kimekuumiza. Nimewahi kuandika barua ya namna hiyo. Nilijibiwa kwa adabu na sehemu ile ilibadilishwa kabla ya wiki mbili kupita.

Na anayezomea karibu yako? Usimgeukie onyesho likiendelea, utaongeza kelele. Ngoja liishe. Kisha mgeukie kwa utulivu, usimwite mshenzi, mwambie jambo moja ambalo hawezi kulipinga: "Kaka, wazazi wake wamekaa hapa karibu." Mara tisa kati ya kumi nilizofanya hivyo, mtu alinywea. Yule wa kumi alinitukana, nikamwita mhudumu, akahamishwa. Kama anayezomea ni wa upande wetu, shule yetu, lugha yetu, mimi ninalichukua kwa uzito zaidi. Namwendea pembeni, ninamsalimia ipasavyo, shikamoo kama amenizidi umri, halafu ninamweleza. Mzee huwezi kumkanya mbele ya watu.

Tahadhari moja muhimu kabla hujamkasirikia mtu. Kuna kikosi cha Canton, Ohio, kiitwacho Bluecoats. Mashabiki wake hukisalimu kwa kuvuta silabi ya kwanza ya jina lake: "Bluuuuu!" Uwanja mzima hunguruma hivyo, na masikio yasiyozoea husikia "buuu". Mara yangu ya kwanza niligeuka nikiwa nimekunja uso, tayari kumkaripia bibi mmoja mwenye nywele nyeupe. Akanionyesha fulana yake ya buluu, kisha akanishika mkono na kunifundisha kuvuta ile sauti. Sikiliza herufi ya L kwanza.

Mwanao akizomewa, usimwambie hakuna kilichotokea. Amesikia. Muulize alikuwa kwenye hesabu gani aliposikia, na alifanya nini baada ya hapo. Atakuambia aliendelea. Mwache alisikie neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Matokeo yanaposomwa

Bendi, au viongozi wao peke yao, hujipanga uwanjani, na alama husomwa kuanzia wa mwisho kwenda kwa wa kwanza. Mpigie makofi kila mmoja, na wa kwanza kutajwa mpigie kuliko kawaida, kwa sababu ndiye aliye wa mwisho na amesimama pale mbele ya wote.

Hatari iko kwenye nafasi ya pili. Bendi ikitajwa kuwa imeshika nafasi ya pili wakati watu waliitegemea kuwa ya kwanza, jukwaa huzomea. Wanawazomea majaji. Lakini waliosimama uwanjani ni watoto, na wanachosikia ni kwamba jina lao limetajwa na watu wakazomea. Na bingwa ambaye jina lake bado halijasomwa anajua kwamba kelele zile ni za kumkataa yeye. Kwa pumzi moja umeharibu usiku wa bendi mbili. Ukihisi uchungu, shangilia nafasi ya pili kwa sauti kubwa kuliko utakayompa wa kwanza. Ujumbe utafika na hautamjeruhi mtu.

Usiondoke kabla ya jina la mwisho.

Kwenye maegesho

Mashindano ya vikosi yana raha nyingine nje ya uwanja. Kabla ya kuingia, safu za ngoma hupasha moto kwenye maegesho, na mashabiki huzizunguka. Unaweza kusimama mita chache tu kutoka kwao, ukaona vijiti vinavyoinuka kwa kimo kimoja. Acha nafasi mbele ya mwalimu. Usikatize katikati ya safu hata kama gari lako liko upande ule. Usiguse ala iliyowekwa chini. Wakianza kutembea kuelekea getini, kimya, kwa mistari, wapishe na usiongee nao, kwa sababu wengi wanahesabu kichwani.

Wakirudi, ngoja waruhusiwe ndipo umkumbatie. Mara nyingi mwalimu huwakusanya kwanza na kusema nao. Simama mbali na duara lile, si lako.

Kwenye gari usianze na alama. Anza na maji, chakula, na sehemu moja uliyoiona kweli. "Ule mwanzo mlipogeuka wote" inatosha. Kama hukuona kitu cha kumtajia, basi mara ijayo weka simu chini.

Na kabla ya kuondoka pita kwenye lori la vyombo. Wazazi wa kujitolea huwa wachache saa hizo za usiku. Marimba zina magurudumu, lakini kwenye mteremko wa kupandia lori zinahitaji watu wanne, wawili wakivuta na wawili wakisukuma kutoka chini, na mkono usishike kwenye mbao za sauti. Shika fremu.